Ghorofa 6, ghorofa 28 au ghorofa 70: fleti ipi inauweza upepo wa Unguja?

Anayetafuta fleti Unguja siku hizi huwekewa mezani namna tatu za kuishi juu. Ya kwanza ni jengo la ghorofa nne hadi saba, aina tuliyoizoea tangu majumba ya Michenzani, na ambayo sasa inaota kwa kasi Fumba, Mbweni na ng'ambo ya mji. Ya pili ni mnara wa kati. Mfano wake ni Burj Zanzibar, mradi uliotangazwa 2022 kwa ajili ya Fumba: ghorofa 28, kimo cha mita 96, fleti 266, mbao zikisaidiana na zege. Ya tatu ni ile ndoto kubwa, mnara wa Domino uliotangazwa 2021, ghorofa 70 na mita zipatazo 370.

Wauzaji watakuonesha bwawa la kuogelea, bahari na machweo. Mimi nazilinganisha kwa kitu wasichopenda kukitaja, nacho ni upepo. Asiye na muda achukue jibu langu hapa hapa. Familia itakayoishi humo mwaka mzima, ichukue ghorofa nne hadi saba. Mwenye pesa ya ziada anayetaka kupangisha, aangalie mnara wa kati, kwa masharti nitakayoyataja. Mnara wa ghorofa 70 nautakia heri, lakini pesa yangu ya nyumba siitii humo. Na si kwa kuogopa utaanguka, maana wahandisi wanajua kuusimamisha. Upepo hauwakatazi watu kujenga juu. Unawatoza, na sehemu kubwa ya bili hiyo humwangukia anayekaa ndani.

Upepo tulionao

Kaskazi hushika Disemba hadi Machi. Kusi huanza Aprili na kukaza Juni na Julai. Pepo hizi ndizo zilizoleta majahazi na kuujenga huu mji, na kwa jengo lililojengwa kiungwana si adui. Lakini mhandisi hapigi hesabu kwa upepo wa siku nyingi. Anapiga kwa upepo wa siku moja katika miaka hamsini au zaidi.

Utasikia watu wakisema Zanzibar haina vimbunga. Kwa kiasi wana haki. Unguja iko nyuzi 6 hivi kusini ya ikweta na Pemba nyuzi 5, na karibu na ikweta mzunguko wa dunia hauupi upepo ule msokoto unaozaa kimbunga. Hata hivyo, Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikavunja vyombo bandarini na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa. Pemba ilisalimika, na tangu hapo karafuu ikahamia Pemba mpaka leo. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia, kisiwa jirani. Muuzaji akikwambia hapa hakuna kimbunga, mkumbushe kuwa anakuuzia kitu cha kurithisha wajukuu, na 1872 ni juzi tu kwa jengo.

Sasa hesabu yenyewe. Mwendo wa upepo ukiongezeka mara mbili, nguvu yake huongezeka mara nne. Upepo wa kilomita 36 kwa saa, ule unaoipeleka ngalawa vizuri, hukandamiza ukuta kwa kiasi cha kilo 6 kwa kila mita ya mraba. Ukifika kilomita 72 ni kilo 25. Ukifika kilomita 144, huo ni wa kimbunga, ni kilo 100. Chukua dirisha la sebuleni la kuteleza, upana mita mbili, kimo mita moja na nusu. Siku hiyo linabeba kilo 300, kama watu wazima wanne wameliegemea kwa pamoja. Na hapo nimesema katikati ya ukuta. Penye kona za jengo upepo hausukumi, unanyonya, na mnyonyo wa kona huwa mkali kuliko msukumo wa katikati. Fleti ya kona ina mandhari pande mbili, na ina dirisha linalovutwa nje kwa nguvu kuliko yote.

Kisha kuna kimo. Chini upepo hukwamishwa na minazi, mapaa na kuta. Juu hauna wa kuuzuia, hasa Fumba, rasi iliyotokeza kusini-magharibi na kuipokea kusi moja kwa moja kutoka baharini. Kwa makadirio ya kawaida ya upepo unaotoka bahari wazi, ukiwa mita 100 juu mwendo huzidi ule wa mita 10 kwa asilimia 30 hadi 40. Ukikumbuka ile hesabu ya mara nne, maana yake nguvu inakaribia maradufu. Kwenye mita 370 inapita maradufu. Jengo la ghorofa sita linabaki chini kabisa ya mchezo huu wote.

Kuyumba

Kila jengo huyumba. La ghorofa sita nalo huyumba, ila kwa kiasi ambacho chai kikombeni haina habari. Wahandisi wana njia ya mkato ya kukadiria: chukua kimo kwa mita, gawa kwa 46, utapata sekunde ambazo jengo hutumia kwenda na kurudi mara moja. Mita 20 ni chini ya nusu sekunde. Mita 96 ni sekunde 2. Mita 370 ni sekunde 8.

Sekunde hizo zina mambo. Upepo ukishalipita jengo huacha visulisuli nyuma yake, kimoja upande huu, kimoja upande ule, na kila kinapobanduka hulivuta jengo kwake. Ndiyo maana jengo refu husumbuliwa zaidi ubavuni kuliko kifuani. Mapigo ya visulisuli yakilingana na mapigo ya jengo lenyewe, kila mvuto unakuja juu ya mvuto uliopita, na mwendo unakua. Tuseme mnara wa mita 96 una ubavu wa mita 25: ili mapigo yalingane ungehitajika upepo wa zaidi ya kilomita 300 kwa saa. Hilo tuliache. Sasa tuseme mnara wa mita 370 una ubavu wa mita 40 na umejengwa kama sanduku tupu: unatosha upepo wa kilomita 150 hivi kule juu, na kule juu, kama tulivyoona, upepo umeshaongezewa mwendo bure. Hiyo ni hesabu ya penseli, si ya ofisi ya wahandisi, lakini inaonesha kuwa kutoka ghorofa 28 hadi 70 hujaongeza ngazi tu, umeingia katika aina nyengine ya tatizo.

Minara mikubwa ya dunia imejibu tatizo hilo kwa umbo. Burj Khalifa ya Dubai, mita 828, iliyofunguliwa 2010, ina mbawa tatu zilizoegemea kiini cha katikati, na kadiri inavyopanda hupunguza bawa moja moja kwa zamu, ili visulisuli visipate mpigo mmoja tangu chini mpaka juu. Shanghai Tower, mita 632, imesokotwa, na umbo hilo liliipunguzia nguvu ya upepo kwa takriban asilimia 24. Pale New York kuna 432 Park Avenue, mita 426, nyembamba kiasi kwamba kimo chake ni mara 15 ya upana. Kila baada ya ghorofa 12 imeachiwa uwazi upepo upite katikati, na bado wakaazi wake wamelalamika kuhusu milio na mtikisiko.

Njia nyengine ni uzito wa kutuliza. Taipei 101 ya Taiwan, mita 508, imening'iniziwa tufe la chuma la tani 660 kati ya ghorofa ya 87 na ya 92. Jengo likienda huku, tufe hubaki nyuma na kulivuta kule. Agosti 2015, kimbunga Soudelor kilipopita, tufe lilisogea kama mita nzima. Watalii hulipa kwenda kuliangalia. Ila fikiri: ghorofa kama tano za huko juu, zile ambazo zingeuzwa ghali sana, sehemu yake imekaliwa na chuma. Hiyo ndiyo bili ya upepo niliyokuwa nikiisema. Domino, ambayo umbo lake limetokana na kete za dhumna, ikijengwa itabidi ilipe bili hiyo kwa namna moja au nyengine, na kete zilizopishana vimo angalau ni mwanzo mzuri kuliko sanduku.

Kinachomsumbua binadamu si umbali wa kuyumba bali ule mshtuko wa kugeuka. Watu wengi huanza kuhisi kitu jengo likichapuka kwa sehemu 5 za elfu ya nguvu ya mvutano wa dunia. Kwa nyumba za kuishi wahandisi hujitahidi lisipite sehemu 10 hadi 15 kwa upepo mkubwa wa miaka kumi. Kwa maofisi huruhusu 20 hadi 25, kwa sababu mfanyakazi anaweza kwenda nyumbani, lakini aliyelala kitandani hana pa kwenda. Hili ni swali halali la kumuuliza muuzaji wa mnara wowote: ghorofa yangu imekadiriwa ngapi? Akikujibu kwa tabasamu tu, umeshajibiwa.

Mbao kwenye upepo

Kwa Burj Zanzibar tusimame kidogo, kwa sababu ni mradi wenye wazo jipya kweli. Mbao zilizobanwa kwa gundi katika matabaka zina nguvu ya kutosha kubeba ghorofa nyingi, na sisi hatuoni ajabu jengo kusimama kwa mti. Nyumba za Mji Mkongwe zina kuta nene za mawe na chokaa, lakini dari zimebebwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa vyumba: mita tatu hivi, mti hauendi zaidi. Ndiyo maana vyumba vya kule ni virefu na vyembamba.

Shida ya mbao kwenye upepo ni wepesi. Mita moja ya ujazo ya zege ina kilo 2,400 hivi, na ya mbao hizi haifiki hata robo yake. Jengo jepesi likisukumwa kwa nguvu ile ile huchapuka zaidi. Wanorwe walikutana na jambo hili katika Mjøstårnet, mnara wa mbao wa mita 85.4 uliomalizika 2019. Ghorofa za juu waliziwekea sakafu za zege kwa makusudi, si kwa kuwa mbao zingevunjika, bali kulipa jengo uzito ili wakaazi wasihisi mtikisiko. Ascent ya Milwaukee, Marekani, mita 86.6 na ghorofa 25, ina viini vya zege, yaani minara ya ndani inayobeba ngazi na lifti. Burj Zanzibar nayo imepangiwa kiini cha zege, na kwa mita zake 96 itazipita zote mbili. Kwa hiyo si wazimu. Ni hatua moja mbele ya waliotangulia, na anayenunua fleti humo ananunua hatua hiyo pia.

Mchwa? Naam, kila mtu anauliza. Mbao hizo zikikaa juu ya zege na kufunikwa vizuri, mchwa si wa kwanza katika orodha yangu. Unyevu ndio wa kwanza. Sehemu ambayo mvua ya masika itaingia na kukosa pa kutokea, hapo ndipo pa kupachunguza.

Madirisha, chumvi na maji

Hapa ndipo jengo fupi linaposhinda bila jasho. Nenda kwenye fleti yoyote ya bei nzuri iliyoelekea bahari, ufungue dirisha la alumini, uangalie reli ya chini. Utaona vitundu vidogo kwa upande wa nje. Kazi yake ni kutoa maji ya mvua yanayosukumwa na upepo kuingia relini. Mara nyingi fundi rangi ameviziba, au plasta imevijaa. Ikija mvua ya upepo, reli hujaa kama mfereji na maji humwagikia ndani, ndipo mataulo yote ya nyumba yanapokunjwa kutiwa chini ya dirisha. Kwenye ghorofa ya tatu fundi huja na msumari na ngazi, akamaliza. Kwenye ghorofa ya 24 kile kile kitundu kinataka watu wa kamba, vibali na siku isiyo na upepo.

Kioo ndicho kitu cha kwanza upepo kukigusa, na historia haina huruma. Mnara wa John Hancock wa Boston ulianza kudondosha vioo mwaka 1973 kabla haujamalizika. Vioo 10,344 vyote vilibadilishwa, na kwa muda matundu yalizibwa kwa mbao. Wengi walidhani ni kwa sababu jengo liliyumba. Kumbe kosa lilikuwa katika kiungo kinachoshika tabaka mbili za kioo: kigumu kupita kiasi, hakikuweza kunyumbuka. Kitu chembamba kama ukucha kikaliaibisha jengo la mita 241.

Kwetu sisi kuna chumvi juu ya hayo. Upepo wa bahari hubeba chumvi, na chumvi hula skrubu za madirisha, bawaba, mashine za viyoyozi na, polepole zaidi, nondo ndani ya zege. Nondo ikishika kutu huvimba na kulipasua zege kutoka ndani. Kinga yake ni zege zito lenye maji kidogo, nondo ziwekwe ndani vya kutosha, na mchanga usiwe wa pwani. Kanuni hizi ni zile zile kwa ghorofa tano na ghorofa hamsini. Tofauti ni kwamba jengo la ghorofa tano lililokosewa utaliona likipasuka ukiwa umesimama chini, na utaweza kulifikia.

Nieleze kisa kimoja cha New York, kwa sababu ndicho kinachonifanya niulize habari za usimamizi kuliko za ramani. Citicorp Center, ghorofa 59, mita 279, lilimalizika 1977, likiwa limesimama juu ya nguzo zilizowekwa katikati ya pande zake badala ya pembeni. Mwaka uliofuata mhandisi wake mwenyewe, William LeMessurier, aligundua kuwa viungo vya chuma vilifungwa kwa bolti badala ya kulehemiwa kama alivyopanga, na kwamba upepo wa kupiga kona kwa kona ungelilemea jengo. Viungo vililehemiwa usiku usiku, mchana maofisi yakiendelea na kazi, na umma ukaja kujua miaka mingi baadaye. Ramani ilikuwa nzuri, mhandisi hodari, jiji lina wakaguzi. Badiliko moja dogo la kupunguza gharama lilitosha. Basi ukiwa Fumba au Mbweni, muulize muuzaji nani anasimamia ujenzi kila siku, na kama huyo analipwa na mjenzi au na mtu mwengine.

Lifti

Hili halihitaji maneno mengi. Umeme wa Unguja hutegemea nyaya za chini ya bahari kutoka bara. Mei 2008 hitilafu ilikizimia kisiwa umeme kwa takriban mwezi mzima. Disemba 2009 ulikatika tena hadi Machi 2010, miezi mitatu. Baadaye, 2013, uliwekwa waya mkubwa zaidi wa megawati 100, na hali si ile tena. Lakini mwenye mama mzee mwenye magoti mabovu ajiulize: lifti ikisimama, mama atashuka vipi kwenda msibani? Ghorofa ya tatu ni tabu. Ghorofa ya 20 ni kifungo. Na pampu ya maji husimama pamoja na lifti. Katika mnara, jenereta yenye mafuta ya kutosha ni sehemu ya nyumba, na gharama yake itakuja kila mwezi pamoja na ya vioo, lifti, walinzi na bustani. Sheria ya Zanzibar ya 2010 inayoruhusu mtu kumiliki fleti moja ndani ya jengo la wengi ni nzuri, lakini inakufanya pia kuwa mshirika katika kila kinachoharibika.

Upepo wa ndani na wa mtaani

Tusije tukausema upepo vibaya tu. Katika joto la Februari upepo ni neema, na fleti ya ghorofa ya nne yenye madirisha pande mbili zinazotazamana hukuwezesha kulala bila kiyoyozi. Juu sana neema hiyo hugeuka. Madirisha ya minara mara nyingi hufunguka kidogo tu au hayafunguki kabisa, kwa usalama, na ukilazimisha kufungua pande mbili milango hubamiza na pazia hung'oka. Unaishi katikati ya upepo kuliko mtu yeyote kisiwani, na huupati. Hiki ni kinyume ambacho sijawahi kumsikia dalali akikigusia.

Chini ya mnara nako si salama moja kwa moja. Upepo ukiligonga jengo refu, sehemu yake huteremka na ukuta hadi chini na kufagia njia. Leeds, Uingereza, jengo la Bridgewater Place lina mita 112 tu, si refu sana kuliko lile la Fumba, na 2011 upepo uliokuwa ukizunguka chini yake ulipindua lori na kumuua mpita njia. Baadaye ikabidi wajenge vizuizi vya upepo barabarani. Palipo na vibanda vya mabati na mapaa ya makuti jirani, jambo hili linapaswa kupimwa kabla ya msingi kuchimbwa. Hupimwa kwa mfano mdogo wa jengo na mtaa wake ndani ya handaki la upepo, yaani njia iliyofunikwa inayopulizwa upepo kwa feni, na kwa mnara wowote wa maana kipimo hicho si anasa.

Mji unaoonekana kutoka kwenye boti

Kuna hoja ya mwisho ambayo haina hesabu. Ukija na boti kutoka Dar, nyuma yako unaacha minara: ule wa Mamlaka ya Bandari wenye ghorofa 40, ile miwili pacha ya mfuko wa pensheni yenye 35. Mbele yako unakuta mstari wa chini, mweupe, na juu yake minara ya misikiti, minara miwili ya kanisa la Wakatoliki na, kwa zaidi ya miaka mia, Beit al-Ajaib. Sultani Barghash aliijenga 1883 kwa lengo lile lile la wenye Domino leo: mgeni akifika bandarini ajue amefika kwa nani. Kwa hiyo wanaosema kujenga juu si desturi yetu wanasahau. Tamaa ya kuonekana kutoka baharini tunayo tangu zamani.

Ila angalia nini kilichoiangusha sehemu ya Beit al-Ajaib tarehe 25 Disemba 2020. Haikuwa kimbunga. Ni uchakavu wa miaka, jengo likiwa katika ukarabati. Kisiwa kilichoshindwa kuitunza nyumba moja ya ghorofa chache kina haki ya kuota mnara wa mita 370, lakini nina haki na mimi ya kuuliza nani atakagua bolti zake mwaka 2060. Chicago ilifika juu kwa kupanda ngazi moja moja. Mhandisi Fazlur Rahman Khan, mzaliwa wa Bengali, alijenga John Hancock Center, si ule mnara wa Boston, ya mita 344 iliyomalizika 1969, akaweka vyuma vya mshazari nje ili jengo zima lifanye kazi kama bomba moja, ndipo akaja na Sears Tower ya mita 442 miaka michache baadaye, mabomba tisa yaliyofungwa pamoja. Alikuwa na mafundi, viwanda vya chuma na wakaguzi waliokua pamoja na majengo hayo. Kwa kipimo hicho, ghorofa 28 za Fumba ni ngazi inayofuata yenye akili. Sabini ni kuruka ngazi.

Na Mji Mkongwe wenyewe, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia 2000, usiguswe kabisa na ulinganisho huu. Minara ikitaka kusimama, Fumba kuna nafasi na iko mbali vya kutosha isije ikauziba mstari ule wa chini.

Ukiamua mnara, chagua hivi

Usikimbilie juu kabisa. Kati ya ghorofa ya 8 na ya 14 bahari unaiona yote, na mtikisiko ni mdogo sana kuliko wa kileleni. Ngazi, siku lifti ikisimama, bado ni za binadamu. Epuka kona iliyoelekea kusini ikiwa jengo liko Fumba. Chukua upande wa kaskazini au wa magharibi, na kona waachie wapendao picha. Omba karatasi tatu: ripoti ya handaki la upepo, ripoti ya kuchimba udongo (chini yetu ni mwamba wa matumbawe, na matumbawe hupenda kuwa na mapango), na makadirio ya gharama za uendeshaji kwa mwezi, yakiwa na fungu la kubadilisha vioo na skrubu.

Ukiamua jengo fupi, karatasi ya handaki haikuhusu, lakini zile mbili nyengine omba vile vile. Kisha nenda ukaitazame fleti Juni au Julai, alasiri, kusi ikiwa imekaza. Funga madirisha yote, kaa kimya dakika chache, usikilize panapolia. Palipolia paandike kwenye mkataba parekebishwe kabla hujalipa awamu ya mwisho.